Matairi Mawili ya Kushoto

8 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na wateja hawakusumbui na makochi yao. Mimi ni mzima. Mzani wa malori bado unanilisha, na mkubwa wangu wa kazi, tunayemwita Bwana Muhuri, bado anagonga muhuri hata pasipotakiwa muhuri. Msalimie Mama Cherehani wa mlango wa pili. Mwambie gauni alilonishonea linanibana, na sitaki kusikia kwamba ni mimi niliyenenepa.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu. Nimelitoa gari kwenye boksi. Najua niliapa sitaligusa tena baada ya kumzika mama, na miaka mitatu sijaligusa kweli. Lakini hapa kazini kuna bohari la unga limebaki tupu, na kila Jumapili mchana wanakuja watu kama kumi na wawili na magari yao ya rimoti, wanalaza mipira ya kuzimia moto sakafuni iwe mipaka ya njia, wanashindana. Yupo mwalimu wa hesabu, yupo mama mmoja dereva wa forklifti ya kunyanyulia mizigo, yupo daktari wa meno ambaye matairi yake yanakaa kwenye kisanduku chenye kufuli. Jumapili ya kwanza nilienda kutazama. Ya pili nikaenda na gari.

Nimeshika mkia, Mjomba, na wala sikuonewa. Sakafu ni saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, imesuguliwa na magunia mpaka inang'aa, na juu yake kuna vumbi la unga ambalo hulioni mpaka uguse. Matairi yangu yale ya meno, tuliyokuwa tunakimbizia uani kwako, hapa hayashiki kitu. Nikikata kona gari linageuka linanitazama mimi. Daktari wa meno akaniambia, "Dada, hayo ni ya kulimia." Wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Nishauri. Umekata sponji ya makochi miaka thelathini, na matairi yangu ya kwanza kabisa uliyatoa kwenye mto wa kochi la mteja ambaye mpaka leo hajui kwa nini anakaa upande.

Likizo nimeomba, Bwana Muhuri hajajibu.

Na usisahau makubaliano. Kila barua, namba ya presha chini. Wewe ndiye uliyesema siku ile ya mazishi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba baada ya mama hakuna tena wa ukoo huu atakayeficha. Mimi nimebaki na wewe tu, kwa hiyo nakushika kwa neno lako.

Mpwa wako


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Goti linanitabiria mvua kabla ya redio. Mama Cherehani anasema gauni halikubani, limekukaa. Chumba cha mama yako nakifungua madirisha kila Jumamosi hewa ipite, na kitanda nimekitandika. Nasema tu.

Kuhusu tairi. Kwanza toa akilini kwamba tairi linashika kwa meno. Meno ni ya udongo na majani, mahali penye kitu cha kuuma. Sakafu laini haina pa kuumwa. Pale tairi linashika kwa kulala: likigusa sakafu sehemu kubwa, limeshika, likigusa kwa ncha ncha, unateleza. Kwa hiyo tafuta ulaini. Lakini ulaini nao una adabu yake. Ukizidi, tairi linavimba kwa mwendo, linachanika kwenye rimu, na vumbi lote la bohari linahamia kwake. Kuna makochi ya namna hiyo, mgeni akikaa anazama, kuinuka mpaka avutwe mkono.

Nimekutumia kwenye kifurushi cha basi sponji za aina tatu. Nyeupe ni laini kabisa, ya mito ya kichwa. Ya manjano ni ya makochi ya nyumbani. Ya kijivu ni ngumu kidogo, ya viti vya ofisi, ambako watu hawatakiwi wastarehe. Gundisha, jaribu.

Na usiniletee habari za "naona" na "nadhani", wewe ni karani wa mzani. Chukua mzani wa ndoano, funga gari kwa uzi, zuia magurudumu yasizunguke, vuta taratibu. Namba utakayoisoma gari linapoanza kuteleza ndiyo shahidi wako. Vuta mara kumi bila kupangusa sakafu wala tairi, maana siku ya shindano hakuna wa kukupangusia.

Wewe ndiye uliyesema simu ikilia moyo unakupasuka, tuandikiane. Mimi sina neno. Barua nasoma nikiwa na nafasi, na haikatiki katikati.

Mjomba wako

Presha: 138 kwa 86. Nesi wa zahanati kapima, tena nilikuwa nimetoka kupanda ngazi.


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huko? Hapa tumekuwa na wiki mbili za malori mfululizo, nimeota namba mpaka nimechoka. Dereva mmoja alitaka niandike kidogo kuliko mzani unavyosema. Nikamwambia mzani hauna shemeji.

Nimevuta kama ulivyoniagiza. Matairi ya meno yaliteleza kwenye gramu mia tano na ishirini, aibu tupu. Sponji ya kijivu, mia saba. Ya manjano, mia tisa na kumi. Nyeupe ilinitia wazimu, mvuto wa kwanza mia tisa na themanini, nikaruka. Kufika mvuto wa kumi imeshuka mpaka mia sita na arobaini, imejaa unga imekuwa kama maandazi yanayosubiri mafuta. Ya manjano mvuto wa kumi bado ilikuwa mia nane na sabini. Nyeupe ni ya kumwoneshea mtu, manjano ni ya kuishi nayo.

Nikafunga manjano zote nne, na hapo nikakosea. Mbele kulishika mno, nikigusa usukani tu mkia unafyatuka. Ikabidi nifikirie mwenyewe, wewe hukuwepo. Nikaweka kijivu mbele, manjano nyuma. Gari likatulia, Mjomba. Likaanza kunisikiliza. Jumapili nilikuwa wa nne, na daktari wa meno aliinama kuyatazama matairi yangu akijifanya anafunga kiatu.

Ila kuna ugonjwa mmoja umebaki. Nikiingia kona kwa kasi, gari linanyanyuka upande na kupinduka, nalo limeshika vizuri tu. Hilo silielewi.

Likizo imekataliwa mpaka katikati ya mwaka.

Mpwa wako wa mzanini


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Habari zako zimenifurahisha mpaka nikamsomea Mama Cherehani, akauliza kama shindano lina zawadi ya cherehani. Nimemwambia nitaulizia.

Kijivu mbele na manjano nyuma sikukufundisha mimi. Umelijua mwenyewe, na nimeliandika ukutani kwa chaki.

Kupinduka ni kwa sababu ya ukingo. Ukikata sponji ikaacha pembe kali upande wa nje, gari likiegemea kwenye kona ile pembe inajikunja, inang'ang'ania sakafu, na gari linajikwaa kwa mguu wake lenyewe. Dawa ni kuukata ukingo wa nje mshazari kidogo, kama ninavyokata mto wa kochi usiwachome watu mapajani. Nimekukatia manne. Unajua utaratibu wangu: nayapanga mezani kama yanavyokaa garini, pua ikitazama ukutani, mawili kushoto na mawili kulia, kila rimu imeandikwa mahali pake kwa ndani. Nakata moja baada ya jingine na siongei na mtu mpaka niyamalize. Ukiyafunga usihamishe upande, kila moja huchakaa kivyake.

Huyo Bwana Muhuri mwambie hata lori linapewa siku ya kulala gereji. Dirisha la chumba cha mama yako moja limekaza, nimelipaka sabuni, sasa linafunguka.

Mjomba wako

Presha: 141 kwa 88. Nesi kanisema kuhusu chumvi.


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Si kwamba nimekusahau. Kazi zimebana.

Nimekuwa wa pili mara mbili. Matairi uliyonikatia ni kitu kingine. Naingia kona ya mlango mkubwa, ile iliyokuwa inanimaliza, gari linalala, linateleza kidogo kama linawaza, halafu linatoka. Mama wa forklifti ananiita Shangazi Sponji. Mwalimu wa hesabu ananiomba namba zangu za mzani, namwambia kila mtu avute gari lake.

Tarehe tisa Agosti wanakuja watu wa vilabu vingine viwili, na ukumbi ni hapahapa bohari. Haya matairi yamekwisha, yamebaki membamba kama ganda la ndizi. Nikatie mengine manne, kijivu mbele, manjano nyuma. Sitaki ya mtu mwingine. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotamani mama angeniona siku hiyo, na kwa kuwa haiwezekani, basi nataka nishinde nikiwa nimevaa kazi ya mkono wako.

Likizo sijui. Tutaona baada ya shindano.

Mpwa wako


28 Juni

                    Mpwa wangu,

                    Marahaba. Nimechelewa kujibu,
                    kulikuwa na hili na lile.
                    Sponji nilishaigundisha kwenye rimu
                    mwanzoni mwa mwezi na kuziandika.
                    Bado kukata kingo.
                    Nitakata. Usiwe na wasiwasi.
                    Kalamu leo haitaki kazi, naishia hapa.

                    Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni fupi kwa sababu nimekasirika kidogo. Presha iko wapi? Barua nzima nimeigeuza huku na huku, hakuna namba. Umesahau au umekataa?

Na karatasi umeianzia katikati, upande wote wa kushoto mweupe. Umeanza kutunga mashairi uzeeni? Kama ni mashairi, nitumie yenye vina.

Mpwa wako, anayesubiri namba


21 Julai

                         Mpwa wangu mkali,

                         Marahaba. Presha ni 141 kwa 88.
                         Na ya Juni uliyoidai nayo
                         ilikuwa hiyohiyo, 141 kwa 88.
                         Umeridhika?

                         Hapa mambo ni ya kawaida.
                         Mlango wa karakana naona
                         umepungua upana, kila nikipita
                         unanigonga bega. Mbao
                         inavimba na mvua. Na Mama
                         Cherehani amezuka na mchezo wa
                         kuja kunisalimia kimyakimya,
                         nashtukia yuko pembeni yangu
                         keshamaliza kusema.
                         Waya wa moto wa kukatia sponji
                         uliniunguza mkono wa kushoto,
                         si sana. Sikuhisi mpaka
                         niliposikia harufu.

                         Matairi yako haya hapa, manne.
                         Nimeyakata kwa siku mbili
                         bila kuongea na mtu.
                         Shinda.

                         Mjomba wako


10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Sikushinda. Nimekuwa wa kumi na tisa kati ya ishirini. Wa ishirini gari lake liliwaka moto.

Nilifunga matairi yako asubuhi ya shindano, sikuyakimbiza kwanza, sikuyavuta kwenye mzani. Kwa nini niyavute? Kila lori linaloingia hapa nalikagua mpaka chini ya turubai, lakini kazi yako sijawahi kuikagua tangu niwe na akili. Mzunguko wa kwanza gari likavuta kulia kwenye njia iliyonyooka. Kona ya kwanza ya kulia likanyanyuka upande wa kulia likapindukia kushoto. Nikaliinua. Kona ya pili ya kulia, likapinduka. Kona za kushoto lilipita kama maji. Mara tatu nilipinduka mbele ya watu wote, na mara ya tatu daktari wa meno hakucheka, aliniokotea gari akanipa mkononi. Afadhali angecheka.

Matairi ya kushoto hukuyakata ukingo, Mjomba. Mawili yote. Pembe kali kama yalivyotoka kwenye gundi. Nilikuambia siku hii ni ya nini. Nilikuambia kuhusu mama. Kama ulikuwa na kazi nyingi ungesema, ningenunua dukani kama wenzangu. Usingeniandikia "bila kuongea na mtu" halafu ufanye nusu ya kazi.

Sina zaidi.

Mpwa wako


12 Agosti

Mjomba wangu,

Barua ya juzi itakufika kabla ya hii. Kama bado hujaifungua, usiifungue. Kama umeshaisoma, nisamehe. Nimeaibika.

Jana mchana malori yaliadimika, nikayapanga yale matairi juu ya meza ya mzani kama unavyoyapanga wewe, pua ukutani. Nilikuwa natafuta jinsi ya kukukasirikia zaidi. Nikayapima. Mawili ya kushoto yana uzito wa sponji nzima, hayajaguswa. Mawili ya kulia ni mepesi kuliko nilivyotegemea, na ukingo wake una mikato miwili, mmoja juu ya mwingine. Ulikaa pale siku mbili ukayakata ya kulia. Halafu ukayakata ya kulia tena. Hukuacha kazi nusu. Uliifanya yote, mara mbili, upande mmoja.

Nikazitoa barua zako. Ya Aprili umeandika kutoka ukingo hadi ukingo. Ya Juni umeanzia katikati. Ya Julai umeanzia mbali zaidi. Mlango unakugonga bega, hukusema bega gani. Mama Cherehani anatokea upande usiouona. Mkono ulioungua ni wa kushoto. Na mimi nilikutania kuhusu mashairi.

Na presha, Mjomba. 141 kwa 88, Aprili, Juni, Julai. Nimekaa mzanini miaka tisa. Hakuna lori linalopima uzito uleule mara tatu, isipokuwa karani hakwenda kulipima.

Nimepiga simu. Ndiyo, nimeishika simu mwenyewe nikampigia Mama Cherehani. Nikamwuliza unaonekanaje. Akasema, "Mjomba wako tangu Juni ananyoa ndevu shavu moja, chakula anakula nusu ya sahani analalamika ni kidogo. Nikamwambia, akanifukuza. Alianguka karakana mwanzoni mwa Juni, akaniapisha nisikwambie." Nikamwambia azime umeme wa karakana sasa hivi, akupeleke hospitali leo, na usivuke barabara bila yeye. Namjua, atakuburuta kwa futi yake ya kupimia.

Hilo ni lako. Sasa langu, maana siwezi kukudai ukweli wakati mimi nimeukalia.

Sijawahi kuomba likizo. Hata mara moja. Bwana Muhuri hajanikatalia kitu, maskini, jana nilipomwomba aligonga muhuri kabla sijamaliza sentensi. Sikuja kwa sababu ya kile chumba. Siku mama alipofariki alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa mashindanoni, gari langu liko mstari wa mbele, nikaiona simu inawaka kwenye begi, nikasema nitampigia nikimaliza. Nilipomaliza ulinipigia wewe. Tangu siku ile simu ikilia nasikia zile tatu. Niliona nikilala kwenye kitanda chake nitakuwa kama mwizi. Kila ulipoandika umefungua madirisha, niliruka mstari huo nikajibu mengine.

Nakuja Alhamisi. Niwekee ufunguo kwa Mama Cherehani, na uwepo.

Mpwa wako


20 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba, kabla hata hujasalimia.

Unaona mstari mwekundu upande wa kushoto wa karatasi hii? Yule dada wa mazoezi ya hospitali ndiye aliyenifundisha. Nauchora kwanza kwa rula, halafu kila mstari ninaoandika naruhusiwa kuanza tu baada ya kuuona wekundu. Kabla ya hapo ningekuapia kwamba karatasi inaanzia pale katikati. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Sikuwa naona giza upande wa kushoto, ningeliona ningekimbilia kwa daktari. Sikuwa naona kitu kinachokosekana. Nilihesabu matairi yako manne, na nilihesabu kweli.

Lakini kwamba nilianguka nilijua, na kuhusu presha nilikudanganya. Hapo sina pa kujifichia. Nilianguka tarehe tatu Juni, nikaamka sakafuni, nikajikaza kisabuni nikaendelea na kochi la mteja. Zahanati sikwenda kwa sababu nilijua watasema ni kiharusi. Na wewe sikukwambia kwa sababu nilidhani ukisikia utakuja kwa hofu, nami nilitaka siku utakayokuja uje kwa hamu. Niliapa mbele ya kaburi la dada yangu, halafu nikafanya alichofanya yeye. Nimemwomba radhi. Nakuomba na wewe.

Tangu uondoke nyumba imepoa. Mama Cherehani ndiye anayeshika swichi ya waya wa moto, na anajisikia kama mkuu wa kituo cha umeme. Sahani yangu anaizungusha katikati ya mlo, nagundua kuna chakula kingine, nafurahi kila mara.

Zile siku kumi ulizolala kwenye chumba kile, nilikusikia ukilia usiku wa kwanza. Sikubisha hodi. Nilijua usiku wa pili utalala, na ulilala.

Sasa zile simu tatu. Tulizungumza mengi ulipokuwa hapa, na hilo kila mmoja alilizunguka kama shimo barabarani. Nilizijua. Niliziona kwenye simu yake siku ileile, nikasema atasema akiwa tayari. Nilikosea kusubiri. Miaka mitatu umebeba peke yako kitu ambacho ningekuondolea kwa dakika moja.

Nilikuwepo alipopiga, mpwa wangu. Alikuwa amekaa karakana kwenye lile kochi la kijani, hatua tatu kutoka kwangu, anakunywa chai. Alikuwa mzima. Ya kwanza hukupokea. Ya pili akasema, "Labda ndiyo fainali." Ya tatu akaiweka simu juu ya mkono wa kochi akacheka, akasema, "Keshashinda huyo, ndiyo maana hasikii." Alikuwa anataka kujua umekuwa wa ngapi, basi. Kichwa kilimwanza baadaye, karibu saa nzima baadaye, na hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nakata sponji palepale, mgongo nimempa. Kwa hiyo ukitafuta wa kulaumiwa, panga foleni nyuma yangu, na mimi niko nyuma yake yeye mwenyewe.

Lile kochi nimelishona upya kitambaa. Sitaliuza. Ukija Desemba utalikalia.

Kwenye kifurushi kuna matairi manne. Nimeyakata kwa siku sita. Nilikuwa nagusa kila moja kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, na nikimaliza nageuza meza nzima nahesabu upya, wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Naamini yako sawa, lakini hata yale ya Agosti niliyaamini. Usiyafunge kwa heshima yangu. Yapime, yavute kwenye ndoano, pitisha kidole kwenye kila ukingo, yakague kama lori la dereva usiyemjua. Ukikuta kosa niandikie, wala usinihurumie.

Mjomba wako

Presha: 158 kwa 94. Si nzuri. Nesi kaiandika yeye, na huo ni mwandiko wake.